Nyumba ya Desemba

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Korogwe na Same hujaa magari yanayoelekea kaskazini. Nauli za basi hupanda, tiketi huadimika, na pale Himo msururu wa magari husubiri kupandisha Marangu, Mwika na Rombo. Kwa wiki mbili hivi vijiji vya mlimani huwa na ubatizo, harusi, vikao vya ukoo, pombe ya mbege na nyama choma. Januari ikiingia shule hufunguliwa, na nyumba nyingi nzuri zenye vigae na mageti ya chuma hufungwa hadi Krismasi nyingine.

Kama nawe unajiandaa kununua ardhi Kilimanjaro ili upate pa kufikia, ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Usiipangie nyumba hiyo kwa kufikiria wiki mbili utakazokuwepo. Ipangie kwa miezi kumi na moja ambayo hutakuwepo. Ardhi, karatasi, maji, ramani na mtu atakayeshika ufunguo, vyote vipimwe kwa kipimo hicho. Watu wengi hufanya kinyume chake: huchora sebule ya kukaa wageni arobaini siku ya Krismasi, kisha huumia mwaka mzima kwa nyumba ambayo popo na mchwa ndio wanaoikalia.

Tuanze na swali la ardhi ipi. Mtu wa Kilimanjaro ana njia tatu: kujenga kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo la mlimani, kununua kihamba cha mtu mwingine, au kushuka chini na kununua kiwanja kwenye nchi kavu, kule Njia Panda, Uchira, Kahe, Mabogini, Bomang'ombe au kuelekea uwanja wa ndege wa KIA.

Kihamba cha baba ndicho chaguo la kwanza la wengi, na ndicho chenye hatari iliyojificha zaidi, kwa sababu mtu huona ni kwao na hakuna wa kumuuliza. Wapo wa kumuuliza. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka. Wewe uliyetafuta Dar kwa miaka ishirini unaweza kumwaga zege la mamilioni pembeni mwa nyumba ya mzee, mzee akafurahi, kijiji kizima kikakusifu, na siku mzee akifariki ukaambiwa na mdogo wako kwamba nyumba ni yako ila ardhi ni yake. Kesi za namna hiyo hutenganisha watoto wa tumbo moja, na hudumu kuliko nyumba yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, itisha kikao cha ukoo. Desemba ni wakati mzuri kwa hilo maana wote wapo. Kikao kiandikiwe muhtasari unaotaja ukubwa wa eneo kwa mita, umbali kutoka nyumba ya wazazi, majirani wa pande zote nne, na njia ya kupita. Baba asaini, mama asaini, ndugu wote wasaini, wa kike na wa kiume. Dada zako usiwaruke kwa kisingizio kwamba wameolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory ilikwishasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume juu ya ardhi ya ukoo aliyorithi. Dada aliyerukwa leo ana mlango wa mahakama ulio wazi kesho. Baada ya kikao panda mimea ya masale kwenye mpaka mbele ya macho ya wote, kama wazee walivyofanya, kisha peleka muhtasari kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na uanze kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Sale linaheshimiwa sana mlimani, lakini hakimu atataka karatasi.

Kuna jambo lingine juu ya kihamba, na hapa nasema ninachoamini. Kihamba kilichobaki nusu eka baada ya kugawanywa vizazi vitatu kiachwe kiwe kihamba. Migomba, kahawa, maparachichi na miti ya kivuli, pamoja na mifongo inayoleta maji kutoka juu, ndivyo vilivyolisha watu wengi sana kwenye ardhi ndogo kwa muda mrefu. Ukikata migomba sitini ili upate maegesho ya magari ya siku kumi, umemnyang'anya mtu anayeishi pale mwaka mzima chakula chake na majani ya ng'ombe wake. Kama ni lazima kujenga hapo, jenga vyumba viwili au vitatu, na magari yalale barabarani au kanisani.

Kununua kihamba cha ukoo mwingine sikushauri, isipokuwa uko tayari kwa safari ndefu. Muuzaji mmoja anaweza kuwa na haraka ya fedha huku kaburi la babu yake likiwa katikati ya shamba, na ndugu zake wakiwa Mwanza hawana habari. Ukinunua, umenunua pamoja na hilo kaburi na haki ya watu kulitembelea. Ukielekea juu zaidi, karibu na msitu, jihadhari maradufu. Ule ukanda unaoitwa nusu maili, uliotengwa wakati wa ukoloni kati ya vijiji na msitu, si wa mtu kuuza. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na asiyeulizia mipaka ya hifadhi anaweza kulipia ardhi ambayo hatalala hata usiku mmoja.

Inabaki nchi ya chini, na huko ndiko wengi wanakoelekea sasa kwa kuwa mlimani pamejaa. Wazee walikuwa na kihamba juu na shamba la mahindi na maharage porini, wakishuka kulima na kupanda tena jioni. Vijana wao sasa wanaligeuza lile pori kuwa makazi. Barabara kuu kutoka Himo kupitia Moshi hadi Bomang'ombe inapita karibu kabisa na mpaka kati ya mlima na nchi hiyo ya chini. Juu yake, Marangu na Kibosho, mvua ya mwaka hufika milimita 1,500 na zaidi. Mji wa Moshi wenyewe hupata kama 900. Shuka hadi Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa ya TPC utakuta kama 500 tu, na miwa ile inaishi kwa kumwagiliwa. Umbali ni kilomita chache kwa gari, lakini mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Machame akijenga Kahe kwa mazoea ya Machame atajuta mwaka wa kwanza.

Usinunue ardhi ya chini mwezi wa Desemba. Najua ndipo wengi hununua, kwa kuwa wapo nyumbani na wana fedha. Lakini mvua za vuli zimeshanyesha, majani yamechipua, na eneo ambalo Oktoba lilikuwa vumbi tupu linavutia macho. Isitoshe dalali anajua unaondoka tarehe 2 Januari, ofisi nyingi zimefungwa, na mwenyekiti wa kijiji ana wageni wake. Haraka hiyo yote inamfaidi muuzaji. Desemba iwe ya kuzunguka na kuuliza bei. Kulitazama eneo nenda mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika, ndipo utoe fedha.

Mwisho wa Septemba au Oktoba utaona eneo kama lilivyo. Angalia akina mama wanachota maji wapi, na wanatembea muda gani. Uliza bomba la kijiji linatoa siku ngapi kwa wiki. Simama hapo saa nane mchana usikie joto na upepo wenye vumbi, ujue unatoka upande gani, maana upande huo ndio ambao jiko na madirisha makubwa hayatakiwi. Angalia kama kuna njia ya ng'ombe. Kuanzia Kahe hadi Sanya na KIA wapo wafugaji, wengi wao Wamasai, ambao mifugo yao imepita njia zilezile tangu zamani kwenda majini. Ukijenga ukuta katikati ya njia ya mifugo umejitangazia ugomvi, na wao ndio watakaokuwepo Februari utakapokuwa umeondoka.

Aprili nenda tena, hata kama ni lazima uombe ruhusa kazini. Mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau na Himo yote hushuka kutoka mlimani, na mvua inaweza kuwa inanyesha Uru huku Mabogini kuna jua. Maji hufika bila wingu kichwani. Angalia makorongo makavu: kama kuna takataka zimenasa kwenye matawi ya migunga juu ya kimo cha magoti, ndipo maji hufika. Ukikuta mchanga mpya na mawe laini ya duara katikati ya kiwanja, mto ulishapita hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto ziachwe, na usidhani sheria hiyo imewekwa kuwanyima watu viwanja. Pembeni mwa barabara kuu nako hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kiwanja kinachosifiwa kwamba "kipo lami" kinaweza kuwa nusu yake ni cha barabara.

Chimba shimo la mita moja na nusu kabla ya kununua. Kijana wa kijijini atalichimba kwa asubuhi moja, na hakuna fedha utakayotumia vizuri zaidi ya hiyo. Ukikuta udongo mweusi mzito, ule unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, jua kwamba msingi wa kawaida wa mawe utavunjika na kuta zitachanika. Itabidi uchimbe hadi ufike udongo mgumu, au umwage zege lenye nondo chini ya kuta zote. Gharama ya msingi huo iondoe kwenye bei unayomtajia muuzaji.

Sasa karatasi. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia. Kinachotofautiana ni aina ya haki. Himo, Bomang'ombe na pembeni mwa Moshi yapo maeneo yaliyopimwa, yenye namba ya kiwanja, kitalu na hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Hapo kazi ni nyepesi: chukua nakala ya hati, nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa pale Moshi ufanye upekuzi rasmi, uone jina la mwenye hati, kama kuna mkopo wa benki au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mpima ardhi aje na vifaa vyake akuonyeshe bikoni zote, si tatu kati ya nne. Kodi inayomhusu muuzaji kwa faida aliyopata ilipwe TRA kabla ya uhamisho, na mkataba utaje ni nani anailipa, maana wengi hukwama hapo. Hati huja na masharti, likiwemo la kuendeleza kiwanja ndani ya muda uliotajwa. Ukikiacha miaka mingi bila hata msingi, unajiweka mahali pabaya.

Sehemu kubwa ya nchi ya chini bado ni ardhi ya kijiji, na hapa ndipo fedha nyingi za Wachaga wa mjini na walio ng'ambo zinapopotea. Muhuri wa mwenyekiti si idhini ya kijiji. Anayeidhinisha ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25, katika kikao chenye akidi na muhtasari. Omba nakala ya muhtasari huo wenye majina na saini za wajumbe, na jina lako, la muuzaji na mipaka ya eneo iwe ndani yake. Mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo mahakama huyafuta, hata kama ulilipa mbele ya mashahidi kumi. Waambie ukweli kwamba utakuwa mkazi wa msimu. Kijiji kina haki ya kujua kama kinampokea mtu au kinapokea ukuta uliofungwa kwa kufuli, na ukiwa mwaminifu hapo mwanzo watakulindia mali.

Mke au mume wa muuzaji lazima asaini. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake, ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ikiwa muuzaji amerithi, aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wengine wasaini. Majirani wa pande zote wawepo siku ya kupima kwa futi na kamba. Watu hao ndio ushahidi wako kuliko wakili. Ukae nao, unywe nao chai, uwaulize eneo hili lilikuwa la nani mwaka 1980. Fedha ipite benki. Lolote utakalolipa ofisini lipewe namba ya malipo au stakabadhi.

Yapo maeneo mawili ambayo ningeyakwepa hata kama bei ni ya kuokota. La kwanza ni mashamba makubwa ya zamani ya walowezi, ambayo baada ya kutaifishwa miaka ya 1970 mengi yalikabidhiwa vyama vya msingi vya ushirika. Mtu akikuuzia kipande cha shamba la chama kwa sababu yeye ni mwanachama au kiongozi, anakuuzia kisicho chake. La pili ni maeneo yanayopakana na uwanja wa ndege wa KIA, ambako mipaka kati ya uwanja na vijiji imegombewa kwa miaka mingi. Subiri hadi ramani na wananchi waseme kitu kimoja.

Kwa ndugu zetu mlioko Uingereza, Marekani au Oman: kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, Tanzania haitambui uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na sheria ya ardhi inakutazama kama mgeni. Hatua za kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania zimeanza, kwa hiyo muulize mwanasheria masharti yake yanasemaje leo, kabla hujatuma fedha. Njia inayotumiwa na wengi, ya kuandikisha ardhi kwa jina la mdogo au binamu, ni zawadi mbele ya sheria. Mpe tu kama uko radhi iwe yake.

Turudi kwenye maji, kwa sababu nchi kavu haisamehi kosa hapo. Kama bomba halipo au linatoa mara moja kwa wiki, hesabu paa lako kabla ya kufikiria kisima. Paa la mita za mraba 100 kwenye eneo la mvua ya milimita 500 hupokea lita 50,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayopotea, utabaki na lita 40,000. Kwa familia ya mlinzi yenye watu wanne wanaotumia lita 100 kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya mwaka, kama una mahali pa kuyaweka. Tenki moja la plastiki la lita 1,000 halitoshi. Jenga tenki la ardhini la zege au saruji lenye mfuniko, lita 20,000 au zaidi, na ulijenge kabla ya nyumba, kwa sababu maji ya kumwagilia zege yatatoka humo. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Ukichimba kisima, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kisha pima maji maabara, na taja floraidi kwa jina unapoomba kipimo. Ukanda huu wa volkano, hasa upande wa Hai, Siha na Arumeru, una floraidi nyingi mahali mahali. Ndiyo inayotia rangi ya kahawia meno ya watoto, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Huiongeza, kwa sababu maji hupungua, floraidi hubaki. Wenzetu wa Nairobi walionunua viwanja Kajiado wamekutana na tatizo hilohilo baada ya kuchimba visima virefu kwa gharama kubwa. Ukiwa na maji ya mvua ya kunywa na ya kisima ya kufulia na bustani, umemaliza.

Nyumba yenyewe iwe ndogo kuliko unavyotamani. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mwembamba. Paa litoke nje ya kuta kwa mita moja au zaidi, na baraza izunguke angalau pande mbili. Desemba watu hukaa nje, na baraza pana huchukua wageni wengi kuliko sebule yoyote. Bati la rangi nyeupe au ya kung'aa hupunguza joto kuliko lile jekundu au jeusi linalopendwa sasa. Acha matundu ya hewa juu ya dari, lakini kila tundu liwe na wavu mgumu, kwa sababu dari la nyumba iliyofungwa ni makao ya popo na nyuki. Mchwa apigwe dawa kwenye udongo kabla ya kumwaga sakafu, na mbao za paa ziwe zilizotiwa dawa. Fundi akikwambia dawa itapigwa baadaye, msimamishe. Mimea ya fensi iwe michongoma au minyaa, ambayo haitaki kumwagiliwa ikishashika, na kivuli upande mwarobaini au mjohoro mwaka wa kwanza kabisa, miche ikilindwa na mbuzi. Migomba usiilazimishe. Ikipandwa bila maji itakufa Februari na mlinzi atalaumiwa bure.

Mlinzi ndiye moyo wa jambo hili, na inanisikitisha jinsi tunavyomfikiria mwisho. Mtu anajenga nyumba ya vyumba sita, kisha anamweka kijana kwenye kibanda cha mabati karibu na geti, kwa mshahara unaotumwa anapokumbuka. Kijana huyo ndiye atakayeamua kama pampu itawashwa mara moja kwa mwezi, kama mfereji wa bati utazibuliwa, kama chumba kitapigwa hewa. Mjengee nyumba ya vyumba viwili ya tofali, yenye choo, umeme na maji, aishi na mke na watoto. Mshahara uwe tarehe moja kila mwezi kwa simu, mchango wa NSSF ulipwe, na akiugua awe na wa kumpigia. Familia inayopika jioni na watoto wanaocheza uani hulinda nyumba kuliko waya wa umeme juu ya ukuta.

Andikianeni mkataba, kwa faida yenu wote. Useme kwamba anaishi hapo kwa sababu ya kazi, taja mshahara, mapumziko na kinachotokea kazi ikiisha. Sheria ya Ukomo wa Madai inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi iliyokaliwa na mtu mwingine. Aliyekaa bila karatasi yoyote, bila mshahara unaoonekana, akalima na kupanda miti, anaweza siku moja kusema ardhi ni yake, na wewe ukawa huna cha kuonyesha. Mazao ya shamba nayo mkubaliane wazi. Mimi ningemwachia mahindi na mboga zote, na kuku, halafu nikae kwa amani.

Kama kuna zahanati, shule au kituo cha polisi karibu, yupo mwalimu, nesi au askari anayetafuta nyumba. Fikiria kuigawa ramani mara mbili: upande mmoja wa kupangisha mwaka mzima, mwingine vyumba viwili vyako. Kodi hiyo inaweza kumlipa mlinzi na kupaka rangi kila miaka mitatu, na nyumba haitajulikana kijijini kwa jina la nyumba tupu.

Siku ya kufunga, Januari, usiifanye ile asubuhi ya safari. Tenga siku nzima. Friji itolewe kila kitu, izimwe, mlango uachwe wazi kwa kipande cha mti, la sivyo utaikuta na ukungu. Magodoro yasimamishwe ukutani mbali na sakafu. Mtungi wa gesi ufungwe na ukae nje kwenye kizimba chake. Koki kuu ya maji ya ndani ifungwe, mabomba yamwagwe, na kila tundu la sinki na bafu limiminiwe maji na kijiko cha mafuta ya kupikia juu, yanayozuia maji kukauka na harufu ya shimo kupanda. Umeme wa nyumba kubwa uzimwe kwenye swichi kuu, ule wa mlinzi na wa pampu ubaki. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Usiponunua umeme miezi kumi na moja deni linakungoja, na Desemba utanunua uniti ukashangaa zimeishia wapi. Mtumie mlinzi kidogo kila mwezi.

Nakala za hati, muhtasari wa kijiji, mkataba wa mlinzi na stakabadhi zote zisibaki kwenye kabati la nyumba iliyofungwa. Ziwe na wewe, na nakala kwa mtu mwingine mmoja unayemwamini, ambaye mwenzi wako anamjua. Andika wosia. Nyumba ya Desemba mara nyingi ni mali ambayo watoto waliozaliwa Dar au Houston hawajui mipaka yake wala jirani wake, kwa hiyo kila mwaka watembeze kwenye bikoni zote nne, na wawasalimie majirani kwa majina: shikamoo mama, shikamoo babu.

Kisha weka ukumbusho kwenye simu yako wa wiki ya mwisho ya Septemba. Hapo ndipo utume fedha ya kuosha tenki, kuzibua mifereji ya bati, kuziba bati lililolegea na kukata majani makavu kuzunguka nyumba mita kumi, kwa sababu moto wa pori hutembea kabla ya vuli. Mafundi wana nafasi wakati huo na bei yao ni ya kawaida. Ukingoja Desemba utawakuta wote wako juu ya mapaa ya watu wengine, na mvua ya Novemba itakuwa imeshapita bila kuingia kwenye tenki lako.